Kombe lina kanuni, viwanja vina mwenyewe

Na Binti wa Lembeni

Mmezoea kunisoma hapa nikiandika habari za dhamana, rufaa na Tume ya Uchaguzi. Leo naomba ruhusa tuongee mpira. Atakayeona nimepotea njia asome kwanza mpaka katikati, ndipo anitukane.

Nianze kwa kutangaza maslahi: mimi ni Yanga. Kwa hiyo siku nilipolipenda Kombe la Shirikisho ilikuwa siku ya kuumia. Aprili 2017, nusu fainali, Mbao FC na Yanga, CCM Kirumba. Tuliangalia kwenye kibanda umiza kimoja hapa Lembeni, jirani na barabara kuu, kila lori la Arusha likipita bati linatetemeka. Wasichana tulikuwa wawili tu, na mwenzangu alikuwa amefuata kivuli. Mbao ulikuwa msimu wao wa kwanza Ligi Kuu, na walipanda baada ya timu nyingine za kundi lao kuadhibiwa kwa upangaji wa matokeo. Watu wakawa wanawaita wapangaji wa kupewa chumba. Basi wale wapangaji wakatufunga 1-0. Kibanda kizima kimya, isipokuwa fundi baiskeli mmoja, Simba wa damu, aliyecheza mpaka kofia ikaanguka. Mwezi uliofuata, uwanja wa Jamhuri Dodoma, Simba nao wakahangaika na Mbao hao hao mpaka dakika za nyongeza, wakaokolewa na penalti ya Shiza Kichuya, 2-1.

Nilitoka pale nina hasira, lakini nina swali. Inakuwaje timu isiyo na jina, isiyo na mwenye fedha anayejulikana, inakaa dakika 120 na Simba na hakuna wa kuizuia? Jibu nililipata baadaye nilipoanza kusoma kanuni: kwa sababu kombe hili limejengwa hivyo.

Ni mtoano. Mechi moja, ukifungwa umeondoka, mkitoka sare mnapigiana matuta. Ndani yake wamo Ligi Kuu, Championship, First League, na mabingwa wa mikoa wanaoanzia hatua za awali kabisa. Vigogo wanaingia kwenye 64 bora, halafu droo inachezeshwa na yeyote anaweza kuangukia kwa yeyote. Ligi inamlipa mwenye pumzi ndefu, mwenye kikosi kipana na mwenye nauli. Kombe linamlipa aliyejipanga kwa siku moja. Desemba 2017, Simba akiwa bingwa mtetezi, alitolewa kwa matuta na Green Warriors, timu ya daraja la pili. Desemba 2018 akatolewa tena, mabao 3-2, na Mashujaa ya Kigoma iliyokuwa haijafika hata Ligi Kuu. Aprili 2024 Mashujaa wale wale, sasa wakiwa Ligi Kuu, wakamtoa mara nyingine kwa penalti. Watani zangu mnisamehe, mifano mizuri yote imeangukia kwenu. Wa kwetu nimeshautaja.

Wazee wanaijua historia yake kuliko mimi. Zamani lilikuwapo Kombe la Nyerere, na bingwa wake alikwenda kucheza Kombe la Washindi Afrika. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 likafa. CAF nao mwaka 2004 wakaunganisha mashindano yao mawili wakaunda Kombe la Shirikisho Afrika, na sisi huku hatukuwa na kombe la kumpatia tiketi mtu. Kwa zaidi ya miaka 10 mlango wa kwenda Afrika ukawa mmoja tu, ligi, na mlango huo kila mtu anajua huwa umeshikwa na nani. TFF walilirudisha msimu wa 2015/16 kwa udhamini wa Azam, na sasa linabeba jina la CRDB. (Mwaka huo huo wa 2015, Same Mashariki, mama Naghenjwa Kaboyoka wa CHADEMA alimbwaga Anne Kilango Malecela. Nilikuwa mtoto, lakini nakumbuka bodaboda zilivyopiga honi. Huko nako kulikuwa na mtoano.)

Sasa ngojeni niwaambie kwa nini kanuni zinanigusa.

Huku kwetu, kama kwenu, kuna makombe mengine. Mnayajua. Kombe la Mheshimiwa. Yanazaliwa mwaka mmoja kabla ya uchaguzi na yanakufa wiki moja baada ya matokeo. Jezi zina rangi ya chama, na mipira inatolewa mbele ya kamera. Zawadi ni ng'ombe kwa bingwa, mbuzi kwa mshindi wa pili, na hotuba kwa sisi wengine wote. Kaka yangu alicheza mojawapo, kata na mheshimiwa sivitaji. Timu yao ilifika nusu fainali, ikafungwa na timu iliyochezesha mamluki watatu kutoka mjini, watu ambao hata njia ya kwenda uwanjani waliulizia. Timu ya kaka ikakata rufaa. Kamati ikauliza ada ya rufaa iko wapi. Wakachangishana, wakalipa. Kamati ikakaa chini ya mti, ikapiga simu mahali, ikarudi na jibu kwamba rufaa imekataliwa kwa sababu mgeni rasmi ameshapangiwa tarehe.

Nilikuwa kidato cha tatu. Nikamuuliza mzee mmoja wa kamati, shikamoo baba, naomba kuziona kanuni. Akacheka, kwa upole kabisa, akasema, "Mwanangu, kombe ni la mheshimiwa, kanuni anazo mwenyewe."

Kuna utani kwamba Mpare yuko radhi auze ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Siukatai. Nadhani nilienda kusoma sheria kwa ajili ya ile ada ya rufaa ambayo hawakuirudisha.

Ndiyo maana Kombe la Shirikisho, pamoja na kasoro zake, lina thamani ambayo Kombe la Mheshimiwa haliwezi kuipata hata likigawa ng'ombe kumi. Kanuni zimeandikwa kabla mpira haujaanza. Unaweza kuzisoma, ukakata rufaa, ukashinda au ukashindwa kwa kifungu kinachojulikana namba. Na kwa kuwa zimeandikwa, unaweza pia kuzilaumu. Mimi nina malalamiko mawili.

La kwanza ni nafasi ya Afrika. Mwaka 2020 Simba walichukua ligi na kombe. Fainali ilichezwa Sumbawanga, uwanja wa Nelson Mandela, wakawafunga Namungo 2-1. Kwa kuwa Simba walishapata tiketi ya Ligi ya Mabingwa, Namungo, timu ya Ruangwa, wakaenda Kombe la Shirikisho Afrika. Najua mnachotaka kusema, Ruangwa lilikuwa jimbo la Waziri Mkuu wa wakati ule. Sawa, lakini tiketi waliipata uwanjani. Wakakwama Luanda mambo ya Corona, mechi zote mbili na Waangola zikaja kuchezwa Dar es Salaam, wakapita kwa jumla ya mabao 7-5 na kuingia makundi. Huko makundini walipigwa, ndiyo. Lakini kijana wa Ruangwa alicheza na Raja Casablanca.

Sasa twende 2022. Yanga tukachukua ligi na kombe. Fainali Arusha, Coastal Union walituchezesha kwata. Abdul Suleiman Sopu alitufunga mabao matatu peke yake, tukatoka 3-3, tukawashinda kwa matuta. Mtu amefunga mabao matatu kwenye fainali na ameondoka bila kikombe, bila safari. Maana safari hii aliyefungwa fainali hakurithi kitu. Nafasi za Shirikisho Afrika zilikwenda kwa Azam na kwa Geita Gold aliyemaliza wa nne kwenye ligi. Geita sina ugomvi nao, walistahili kwa kanuni iliyokuwapo. Tatizo langu ni kanuni yenyewe. Kama bingwa wa kombe ndiye bingwa wa ligi, na tiketi yake inarudi kwenye msimamo wa ligi, basi kombe halina tena mlango wake. Ukiwa timu ya Championship umefika fainali na Yanga, umeshafanya muujiza, halafu unaambiwa muujiza wako utamnufaisha aliyeshika nafasi ya nne huko ambako wewe hata huchezi. Ningekuwa mwandishi wa kanuni ningerudisha utaratibu uliowapeleka Namungo, na ningeuandika kwa wino usiofutika kila msimu.

Hapo hapo kuna jambo dogo ambalo Wafaransa wanalifanya na sisi tunaweza. Kwenye kombe lao, timu ndogo ikipangwa na timu iliyoizidi madaraja mawili au zaidi, mechi inachezwa kwa mdogo. Mwaka 2000 Calais, timu ya ridhaa ya daraja la nne, ilifika mpaka fainali ya taifa, ikaja kufungwa na Nantes. Fikirieni bingwa wa mkoa wa Kilimanjaro anampokea Simba kwake. Mama lishe wa Moshi au Same anapika sufuria tatu za ziada siku hiyo. Hakuna mradi wa halmashauri unaoingiza fedha haraka kiasi hicho.

Swali linakuja: kwake wapi?

Na hapa ndipo lilipo lalamiko la pili, ambalo TFF peke yao hawawezi kulimaliza. Chukueni orodha ya fainali tangu kombe lirudi. 2016 Dar es Salaam. 2017 Dodoma. 2018 Arusha. 2019 Lindi. 2020 Sumbawanga. 2021 Kigoma. 2022 Arusha tena. 2023 Tanga. 2024 na 2025 Zanzibar, uwanja wa Amaan mpya. Wazo la kuizungusha fainali nchini ni zuri mno, nawapongeza waliolibuni. Kigoma waliona Simba na Yanga wakicheza fainali nyumbani kwao, na kuna watu watawasimulia wajukuu. Lakini angalieni milango ya viwanja hivyo. Jamhuri Dodoma, CCM. Sheikh Amri Abeid Arusha, CCM. Lake Tanganyika Kigoma, CCM. Mkwakwani Tanga, CCM. Fainali tano kati ya kumi za kombe la taifa zimechezwa kwenye viwanja hivyo vinne, mali ya chama kimoja cha siasa. Ongezeni Sokoine Mbeya, Samora Iringa, Majimaji Songea, Ali Hassan Mwinyi Tabora, Kambarage Shinyanga, na Kirumba ambacho hata jina hakikujisumbua kujificha. Timu za mikoa hiyo zinacheza Ligi Kuu, Championship na hili kombe zikiwa wapangaji. Mapato ya mlangoni yakihesabiwa, mwenye uwanja ana fungu lake.

Viwanja hivi vilitoka wapi? Vingine ni vya zamani, vingine vilijengwa kwa michango enzi ambazo chama kilikuwa kimoja kwa mujibu wa Katiba. Tangu 1965 mpaka 1992, mwananchi hakuwa na chama kingine cha kuchangia. Wazee wetu walichanga kama Watanzania. Hakuna aliyeulizwa kama anaipenda TANU au, baada ya 1977, CCM, kwa sababu chama na serikali vilikuwa mfuko mmoja wenye midomo miwili. Ikaja Sheria Na. 4 ya 1992, Mabadiliko ya Nane ya Katiba, vyama vingi vikarudi. Mfuko ukatenganishwa, na viwanja vikabaki upande mmoja.

Hapa naomba niwe mkweli kwenu kama mwanasheria mtarajiwa, maana kwenye magrupu yetu nasikia watu wanasema "twende mahakamani tukavichukue". Si rahisi hivyo. Ibara ya 24 ya Katiba inalinda haki ya kumiliki mali, na inamlinda CCM kama inavyomlinda bibi yangu na shamba lake la migomba. Kisha kuna Sheria ya Ukomo: mtu anayedai ardhi ana miaka 12 tu. Ukihesabu kuanzia 1992, dirisha hilo lilijifunga 2004, wengi wetu tukiwa tunanyonya. Wakili wa upande wa pili hatahitaji hata kuvua koti.

Lakini upo upande mwingine. Ibara ya 27 inampa kila mtu wajibu wa kulinda mali ya mamlaka ya nchi na mali inayomilikiwa kwa pamoja na wananchi. Swali la kisheria ni hili: kitu kilichochangwa na watu wote, wakati hawakuwa na hiari ya kuchangia kwingine, kilipata lini kuacha kuwa cha pamoja? Hilo ndilo la kupeleka kwenye mjadala wa Katiba mpya na bungeni, liwekewe sheria yake mahususi, yenye orodha ya viwanja, historia ya kila kimoja, na fidia pale ambapo chama kilitumia fedha zake halisi kukikarabati. Siungi mkono kunyang'anya. Nataka mahesabu. Tukishika dola na sisi tukaanza kubadili majina ya mageti, mimi nitakuwa wa kwanza kuandika hapa kuwapinga, na mtanitimua.

Wapo watakaoniambia, dada, mpira unachezwa, mlango unafunguliwa, wewe shida yako nini? Shida yangu ni hawa: Mbao, fainali ya 2017. Singida United, fainali ya 2018, wakafungwa 3-2 na Mtibwa. Lipuli ya Iringa, fainali ya 2019, wakafungwa 1-0 na Azam. Timu tatu za mikoani, miaka mitatu mfululizo, zimefika hatua ya mwisho ya kombe la taifa. Zote tatu zilishuka daraja msimu mmoja, 2019/20. Sitasema zilishuka kwa sababu ya kodi ya uwanja, nitakuwa mwongo, kulikuwa na mengi, mishahara ikiwa ya kwanza. Lakini hebu mtazameni Azam, mwenye Chamazi yake. Ana mahali pa kutundika bango, pa kuuza soda, pa kulea watoto wa miaka 15. Timu isiyo na ardhi inaishi kwa kudra ya mfadhili, na mfadhili akikasirika siku moja, kesho yake wachezaji wanatembea kwa miguu. Katika fainali kumi, Yanga tumechukua kombe mara tano, Simba mara tatu, Azam na Mtibwa mara moja moja. Mnaona majina? Hata Mtibwa, yule mkulima wa miwa, ana Manungu.

Zanzibar wametuonyesha kitu, ingawa timu zao hazichezi hata kombe hili kwa sababu wana ligi yao na kombe lao. Amaan ni ya serikali. Unaweza kuwa na ugomvi na serikali ile, wengi tunao, lakini hakuna bendera ya chama kwenye hati ya uwanja. Na Moshi kwetu tuna Ushirika, uwanja wa chuo, ambako Polisi Tanzania walicheza Ligi Kuu mpaka waliposhuka 2023. Inawezekana, basi. Fainali Moshi haijafika bado. Mimi naisubiri, na nauli ya Lembeni hadi Moshi naimudu.

Wakati hilo la viwanja vikubwa linasubiri Katiba, kuna dogo ambalo halisubiri kitu. Viwanja vya vijiji. Kule ambako mabingwa wa mikoa wanazaliwa hakuna hati ya CCM wala ya mtu yeyote; kuna magoli mawili ya miti na njia ya ng'ombe inayokatiza katikati. Hivyo ndivyo vinavyoliwa. Leo kinamegwa kipande kwa ajili ya ofisi, kesho kwa fremu za maduka, keshokutwa mnaambiwa uwanja umehamishiwa bondeni. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inaweka ardhi ya kijiji chini ya usimamizi wa halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na mkutano mkuu wa kijiji una nguvu kuliko vijana wengi mnavyodhani. Unatakiwa kukaa kila miezi mitatu. Nendeni. Nyoosheni mkono kwenye mengineyo, muulize: uwanja wetu umo kwenye mpango wa matumizi ya ardhi? Una mipaka? Muhtasari uliopitisha uko wapi? Msivae sare ya chama siku hiyo, mtasikilizwa zaidi, na wale wa Simba na Yanga watawaunga mkono wote kwa pamoja, jambo ambalo sijaliona likitokea kwenye ajenda nyingine.

Mimi niliuliza likizo ya Desemba, kuhusu uwanja mmoja ambao kaka yangu alijifunzia mpira. Mtendaji akasema faili lipo, litatafutwa. Nimeandika tarehe niliyouliza na jina la daftari alilosema atalifungua. Pasaka narudi.